Udongo wa Msindano

Mwezi uliopita, msibani Pasiansi, mtoto wa kwanza wa Ma Adventina alisimama chini ya turubai akasoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri, sauti haikumtetemeka. Alizaliwa Kagera, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa idara ya misitu, akaolewa, akajaliwa watoto na wajukuu, akastaafu, akaugua, akatutoka. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, Kabula kushoto kwangu, nasubiri afike kwenye ule mwaka. Hakufika. Alitoka kwenye kuajiriwa akatua kwenye kuolewa kama mtu anayeruka mtaro. Kabula alinibana goti. "Na mti je?" akaninong'oneza. "Mti wameuacha wapi?" Msibani mtu hakohoi hasira, anaimeza, nami nikaimeza. Simlaumu yule kijana. Hakuwa amezaliwa, na mama yake hakuwa mtu wa kujisifu mbele ya watoto. Lakini mimi ni wa kujisifu, namshukuru Mungu, na mwaka ule nilikuwepo. Kwa hiyo hapa nitausoma mimi.

Anayetaka ushahidi aende Kiseke, asimame barabarani atazame juu kwenye ule mlima wa mawe yaliyobebana. Katikati ya mawe, mahali ambapo hata mbuzi anafikiri mara mbili, ataona misindano miwili mikubwa imeinama kidogo kuelekea nchi kavu kwa sababu ya upepo wa ziwa. Majani yake ni sindano ndefu kuliko kiganja changu, zimeota tano tano kila kishada, na koni zake ni nzito kama ngumi ya mwanamume. Watu wa mtaani huiita miti ya Krismasi, na kila Desemba nalazimika kupanda kule kuwakumbusha kwamba hayo si matawi ya kukatwa. Si kila msindano ni sawa na mwingine. Ile inayojaa kwenye mashamba ya mbao utaikuta nusu ya dunia. Huu wetu asili yake ni ukanda mwembamba wa pwani kule California, na kisiwa kimoja mbele ya pwani hiyo, basi. Duniani kote kwao ni hapo tu. Halafu ni Kiseke, kwa ubishi wa mwanamke mmoja wa Kihaya.

Naitwa Milembe. Mambo ya kwetu nayaacha, yana kitabu chake. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimefeli kidato cha nne, nikiwa nimefeli vizuri, bila kubahatisha, na kwamba nyumbani ng'ombe za mahari zilikuwa zimeshaanza kutajwa na mtu ambaye sikumpenda hata kivuli chake. Mwanzoni mwa mwaka ule nilipata kazi ya kumwagilia maji kwenye kitalu cha miti Pasiansi. Msimamizi wake alikuwa Ma Adventina, bibi miti wa kwanza niliyepata kumwona, msichana mkubwa kwetu kwa miaka michache tu, lakini alikuwa amesomea misitu na alitembea kama mtu anayejua aendako. Kwao Kagera mwanamke wa heshima huitwa Ma, basi nasi tukamwita hivyo, na ingawa hakuwa na umri wa mama yetu tulimwamkia shikamoo kila asubuhi. Aliitikia marahaba huku akichungulia mikono yetu kuona kama kucha zina udongo. Asiye na udongo kwenye kucha asubuhi alionekana hajaamka.

Nyumba aliyopewa ilikuwa palepale kitaluni. Sebuleni alitandika nyasi kavu kwa desturi ya kwao, nyasi laini zenye harufu ya mvua, na kuzikanyaga bila viatu kulinipa raha ambayo mpaka leo nikiifikiria nyayo zinaniwasha. Sisi wasichana wawili, mimi na Kabula, tulilala chumba cha uani kilichoungana na jiko, na dirisha letu lilitazama matuta, halafu mawe, halafu ziwa. Tulikula pamoja, na kila mlo ulikuwa na kesi yake. Ma akipika ndizi na maharage, Kabula anauliza chakula chenyewe kinakuja saa ngapi. Sisi tukisonga ugali wa udaga, yaani wa muhogo, Ma anauliza kama tunataka kula au kubandika mabango. Siku ya michembe hakukuwa na kesi. Viazi vile vikavu vya Kisukuma vilimshinda ujeuri, akawa anavila na karanga kimyakimya mpaka chombo kinaisha, kisha anasema havina ladha.

Mbegu zilifika kabla masika hayajaisha, zimetumwa na mwalimu wake wa zamani, mgeni aliyekuwa amerudi kwao. Tulikuwa barazani jioni, tumekaa chini tunachambua dagaa. Ma akafungua kibahasha akamimina kiganjani mbegu nyeusi ngumu, kubwa kuliko maharage, hazikujaza hata kiganja kimoja. "Hizi zinaliwa," akasema. "Wenyeji wa kule tangu zamani walizitafuna." Kabula akanyoosha mkono. Ma akafunga kiganja. "Nimesema wa kule." Ndipo akatueleza habari za ule ukanda mwembamba na kile kisiwa. Kabula akauliza, "Sasa Ma, kwani huko kwingine ilifukuzwa?" Ma akacheka. "Kwingine haikuwahi kwenda. Mti hauna miguu, Kabula. Watu wakijenga nyumba pale unapoota, ndiyo mwisho wake." Mimi nikauliza kwa nini basi tuulete Mwanza. Alitutazama kama tumemtukana. "Ni mti unaokaa juu ya miamba. Udongo kidogo, mvua kidogo, upepo wa maji usoni mchana kutwa. Hebu geukeni mtazame nyuma yenu." Tuligeuka. Nyuma yetu kulikuwa na mawe, na nyuma ya mawe kulikuwa na ziwa, na upepo ulikuwa unatupiga usoni.

Alikuwa na sababu kubwa kuliko udadisi. Mlima wa Kiseke ulikuwa umekwisha kuvuliwa nguo. Miti ya asili ilishageuzwa kuni, na kila iliyopandwa badala yake ilikauka juu ya mawe. Mvua ikinyesha, changarawe na tope vilishuka hadi kwenye milango ya watu, na mwaka uliotangulia ukuta mmoja ulikuwa umeanguka. Ma alitaka mti utakaokubali kuishi pale na kushika kile kidogo kilichobaki. Mkubwa wake wa kazi hakuwa na subira ya kusubiri miti ya majaribio. Alikuja siku moja mchana, mimi nikiwa jikoni naosha masufuria, na baraza lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabanzi, kwa hiyo nilisikia yote na hata kuuma kwake meno. "Adventina, kitalu hiki kinakunywa maji tu. Uwanja huu nauhitaji wa kuweka mbao." Ma akasema, "Nipe mpaka mvua za vuli, mzee." "Na vuli nikikuta vijiti vikavu?" "Funga." "Nitafunga kweli, na hao wasichana warudi makwao." "Na ukikuta miti?" Nikasikia kiti kikilia. "Nikikuta miti nakuachia kitalu, na mlima wa Kiseke upande wewe." Sufuria ilinitoka mkononi. Tangu siku ile nilijua kwamba zile mbegu zikifa, mimi naenda kwa yule mwenye ng'ombe.

Tuliziloweka, tukazipanda kwenye mchanga, tukazifunika na nyasi kutoka sebuleni kwa Ma. Kwa muda mrefu hapakuonekana kitu. Kisha asubuhi moja Kabula akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia juu ya ua. Vichipukizi vilikuwa vimetoka vikiwa bado vimevaa ganda la mbegu kichwani, kila kimoja na kofia yake, vimesimama kwa mstari kama wanaume wanaosubiri kuingia kwenye harusi. "Wageni wamefika," Kabula akasema, "na hata kofia hawajavua." Kuanzia hapo tukaiita miti ile Wageni. Jina lake la Kilatini Ma aliliandika kwenye kibao, likakaa pale bila kutamkwa na mtu.

Kabla ya kuihamishia kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, Ma alivuka kwenda Ukerewe, ambako kuna msitu wa misindano ya miaka mingi, akarudi na udongo kwenye magunia ya unga. Alituonyesha. Ulikuwa udongo wa kahawia, umechanganyika na sindano zilizooza, na ukiuvunja unaona nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa ndani yake kama ukungu wa mkate. "Hii siyo takataka," alisema. "Hizi nyuzi ndizo zinazoulisha msindano. Zinashika mizizi, zinaitafutia chakula, na mizizi nayo inazilipa. Msindano ukikosa nyuzi hizi unakufa njaa hata ukiupandia kwenye shamba zuri namna gani. Udongo wetu wa Mwanza haujawahi kuonana na mti huu, haujui uushike wapi." Akaweka magunia stoo, midomo wazi ili yapumue. Jumapili tukaenda kanisani wote. Jumatatu alfajiri akaitwa mafunzoni Kagera kwa majuma kadhaa, akatuachia maagizo tuhamishe miche yote kwa udongo ule. Tulifanya kwa makini ambayo walimu wangu wa kidato cha nne wasingeyaamini. Tuliona udongo umekuwa mweusi na laini zaidi ya ulivyokuwa, tukasema umeiva.

Kufikia katikati ya kiangazi Wageni wakaanza kugeuka rangi. Kwanza ncha za sindano, kisha sindano nzima, njano ya mtu mwenye homa ya manjano. Tuliongeza maji, wakazidi. Tulipunguza maji, wakazidi. Kabula aliacha utani, na Kabula asiyetania ni jambo la kutisha. Mingine ikaanza kulala chini, shina limeoza pale linapogusa udongo. Ma aliporudi alipita moja kwa moja kitaluni akiwa bado na begi mkononi. Alichuchumaa, akang'oa mche mmoja ulioelekea kufa, akautikisa, akatazama mizizi. Ilikuwa mizizi mitupu, hakuna hata uzi. Akachukua udongo akaunusa. "Huu unanuka ng'ombe," akasema taratibu. Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na gauni lake la safari, akaangalia ziwa. Niliona machozi yakimtoka bila sauti, nikaogopa kuliko nilivyoogopa matokeo ya mtihani.

Jirani yetu alikuwa Mama Shija, mfugaji, mwanamke mkubwa wa mwili na wa moyo, mwenye zizi upande wa pili wa ua. Alisikia ukimya wetu akaja. Alipomwona Ma amekaa chini akadhani kuna msiba, akaweka mikono kichwani. Tulipomweleza, alitazama magunia, akatazama miche, na uso wake ukabadilika. "Mwanangu Adventina," akasema, "ni mimi." Jumapili ile tulipokuwa kanisani alikuja kuazima kinu, akaona stoo iko wazi na magunia ya unga yameota ukungu. Alifikiri udongo ule umeharibika. "Ulikuwa umeoza, una halufu! Nikasema, huyu msichana wa watu, msomi, wageni wake wakija wakaona ameweka uozo ndani, aibu itakuwa ya kwetu sote majirani." Akaumwaga kwenye korongo linaloshuka ziwani. Kisha, kwa kuwa huwezi kumwachia mtu magunia matupu, akayajaza udongo wa zizini, ule wa chini kabisa, wa miaka, akauchekecha kwa chekeche lake la unga. Kwa Msukuma mwenye ng'ombe hakuna zawadi ya shamba inayozidi hiyo. Na hakusema, kwa sababu kusema kungekuwa kumtangaza Ma kwamba ameweka uozo.

Nilisubiri Ma apasuke. Mimi ningepasuka. Alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akainuka, akaingia ndani, akatoka na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ambacho kwao hupewa mgeni wa heshima. Akampa Mama Shija. "Mama," akamwambia, "samadi yako mchicha ukiipata utaimba. Lakini hawa ni vichanga. Umewalisha vichanga nyama." Mama Shija akatafuna kahawa huku analia, na kwa sababu alikuwa hajawahi kuitafuna, akakunja uso, na Kabula akacheka, na sote tukacheka pale katikati ya ule msiba wa miche. Nimekuwa na wakubwa wengi wa kazi baadaye. Kila mmoja nimempima kwa kile kikapu, na wengi hawakufika hata nusu yake.

Udongo mwingine ulikuwa lazima upatikane, na upesi. Ma alikuwa ameitwa ofisini kujieleza kuhusu mambo mengine, asingeweza kutoka. Akanitazama. "Milembe, utakwenda wewe." Hakuna aliyewahi kunituma mahali peke yangu kwa jambo ambalo likiharibika haliwezi kurekebishwa. Nilikwenda. Nakumbuka msitu ule wa Ukerewe kwa sababu ulikuwa mahali pa kwanza nilipoona misindano mikubwa. Chini yake hakuna kelele, kila hatua inazama, na harufu yake inakuingia kichwani kama dawa ya kuchua. Msimamizi wa pale alisoma barua ya Ma huku akinitazama mimi zaidi ya karatasi, kisha akaniachia. Niliparua matandazo ya juu, nikaingiza mikono, nikautafuta ule weupe kwa vidole mpaka nikauona. Nilijaza magunia matatu. Nililoanisha magunia kwa maji na kuyafunika na kanga yangu ya pili, kwa sababu Ma alisema jua linaziua zile nyuzi.

Matata yakawa gatini. Mashua ya mchana ilikuwa imejaa dagaa na abiria, na nahodha, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, alipouliza nimebeba nini na mimi nikamwambia, aligeuka kuwaita wenzake waje wasikie. "Udongo! Binti huyu anatoa udongo Ukerewe anapeleka Mwanza! We binti, kwani Mwanza hakuna udongo?" Gati zima likacheka. Mama mmoja alishika mbavu. "Uache hapo," nahodha akasema, "kuna dagaa za watu zinazosubiri. Utaukuta kesho, nani aibe udongo?" Kesho jua lingekuwa limeshafanya kazi yake. Nilichokuwa nacho ni kichwa kigumu, na yule mwenye ng'ombe alikuwa ananisubiri nyuma ya kila kitu. Nikakaa juu ya magunia. "Basi mimi usinipe pa kukaa," nikasema, "nafasi yangu weka magunia. Nitasimama." "Utasimama wapi?" "Popote unaposimama wewe." Alinitazama, akatazama wenzake, na kicheko kikamwishia usoni. Magunia yalipanda. Nilisimama njia nzima, nimeshikilia nguzo, mawimbi yananirushia maji miguuni, na kila aliyenipita alinisalimia, "Shikamoo, mama udongo." Nilifika Mwanza siwezi kukunja magoti. Nilipomsimulia Ma, nikidhani atanihurumia, alisema, "Ungewaambia upo. Lakini haujawahi kuonana na mti huu." Kisha akafunua kanga, akavunja bonge, akaona nyuzi, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama watu wanavyomshika mtoto wa kipaimara. Sikuwahi kushikwa hivyo na mtu kwa kazi niliyoifanya.

Tulihamisha upya miche iliyobaki, tukiosha samadi kwenye mizizi kwa maji ya vuguvugu, kila mmoja kwa kijiko cha chai. Mingi ilikuwa imeshaondoka. Iliyobaki ingeingia kwenye karai moja. Kisha tukasubiri, na kusubiri kule ndiko kulikonifundisha kazi kuliko yote. Hakuna cha kufanya. Unamwagilia, unaweka kivuli, unaondoka. Ma alitukataza kufukua kuangalia mizizi, na alijua fika nani angefukua, kwa hiyo alikata kucha za Kabula mwenyewe. Siku moja jua lilipokuwa linateremka nilikuwa napita na ndoo nikaona katikati ya mche mmoja, pale juu kabisa, sindano mpya. Ilikuwa ya kijani. Si kijani cha majani ya mgomba wala cha mchicha, kijani chenye ubluu kidogo, kigumu, kinachojitegemea. Niliita, "Ma!" kwa sauti ambayo Mama Shija aliisikia zizini, akaja na ndoo ya maziwa mkononi, akasimama nje ya matuta, hakuthubutu kusogea.

Siku Mkubwa alipokuja mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa imenyesha usiku. Mama Shija aliamka kabla yetu akafagia uwanja mzima, maana mgeni ni mgeni, na mistari ya ufagio wake ilikuwa imepangika mpaka getini. Lakini kuizunguka miche aliacha duara pana bila kufagia, sindano zimelala, uozo umelala, kila kitu kama kilivyo. Ma alipoliona lile duara alinitazama akatabasamu. Mkubwa alipita kwenye mistari ile, akafika, akapiga magoti na suruali yake ya kazi. Akashika sindano moja kati ya vidole, akaivuta taratibu, ikakataa kung'oka. "Adventina," akasema bila kuinuka, "hii si vijiti." "Hapana, mzee." "Mlima ni wako." Alikunywa chai akala ndizi, na Kabula akamwuliza kama ameshiba tunda. Mtu yule hakuwa mbaya. Alitaka kuona, na alipoona alisema alichokiona, na hilo namwekea heshima.

Tuliipanda Kiseke juma lilelile. Wenye nyumba za chini walipanda na sisi, wakibeba maji kwa ndoo kichwani kati ya mawe, hata yule aliyeangukiwa na ukuta. Kila shimo tuliliwekea kopo la udongo wa Ukerewe. Jioni Ma alikaanga senene, ambao ndugu zake walikuwa wamemletea kutoka Kagera, na Mama Shija, ambaye alikuwa ameapa hawezi kula panzi, alikula mpaka akakung'uta sahani. Mitatu ndiyo iliyoshika. Mmoja ulikuja kupigwa na radi miaka mingi baadaye. Miwili ipo. Tope limeacha kushuka upande ule, na kati ya misindano ile miti ya asili imerudi yenyewe, ikijificha kwenye kivuli chake. Mimi sikurudi nyumbani. Ng'ombe walikwenda kwa mwingine, naamini wana furaha. Ma alipohamishwa aliniachia kitalu, nikakiendesha mpaka nilipostaafu, na sasa nina changu uani Kiseke, na wasichana wanaokuja kwangu wengi wamefeli mitihani. Nawachungulia kucha kila asubuhi.

Tangu miti ile ianze kuzaa, nimekuwa nikiotesha mbegu zake. Mwaka fulani, Ma akiwa amestaafu na kurudi Pasiansi, yule mwalimu wake wa zamani, akiwa mzee sana, alimwambia Ma kwa simu kwamba kule kwao ukame na wadudu vimeiangusha mingi. Ma alininyooshea simu. "Mwambie wewe," akasema. Nikamwambia huyo mzungu, kwa Kiingereza changu cha kufeli, kwamba huku iko mizima. Nikasikia analia. Hiyo nayo haikusomwa kwenye historia ya marehemu.

Siku ya kusafirisha mwili kwenda Kagera, mimi na Kabula tulifika na mizigo yetu kwenye basi lililokodiwa. Mkononi nilikuwa na mche mmoja wa msindano ndani ya kiriba, umenifika kiwikoni, na miguuni gunia dogo la udongo nililolichimba chini ya ile miwili, nikiwa nimepanda mlima mwenyewe na magoti yangu haya. Utingo, kijana mchangamfu, alilinyanyua gunia akaguna. "Bibi, umebeba mawe?" Nikamwambia udongo. Akasimama. Akamwita dereva. "Bosi, njoo usikie! Bibi anatoa udongo Mwanza anapeleka Kagera!" Kisha akanigeukia, na nakuapia alisema hivyohivyo, neno kwa neno, kama mtu aliyetumwa. "Kwani bibi, Kagera hakuna udongo?" Kabula alianza kucheka, machozi yanamtiririka, akashika mlango wa basi asianguke. Mimi nilikuwa nimelisubiri swali lile tangu gatini Ukerewe. Nilijinyoosha, nikaupandisha mche begani ili gari zima liuone.

"Upo, mwanangu," nikamwambia. "Lakini haujawahi kuonana na mti huu. Weka gunia ndani, usiliweke juani."